Kuandika Hadithi ya Watu wa Kale: Ugomvi wa Lancaster na York

Natumaini kila mtu ameketi, taa inawaka vizuri, na daftari liko mbele yake. Kama mtoto analia au mbuzi hajafungwa, nenda kamtazame kwanza. Mimi nitaanza polepole.

Juma lililopita tuliandika habari za maisha yetu wenyewe. Baada ya somo lile mzee mmoja aliniuliza swali ambalo limenikosesha usingizi. Alisema, "Mwalimu, habari zangu naweza kuziandika, maana nimeziona kwa macho. Je, nitaandikaje habari za mtu aliyekufa miaka mia tano iliyopita? Sikumwona mimi, wala hakumwona babu wa babu yangu." Somo la leo ni jibu langu kwa mzee huyo.

Kwa mfano wetu nimechagua Uingereza ya karne ya kumi na tano, wakati nyumba mbili za ukoo mmoja wa kifalme, Lancaster na York, zilipogombania taji. Vita vyenyewe vilianza mwaka 1455, vikaisha mwaka 1487. Nimechagua habari hii kwa sababu imeandikwa sana, hata twaweza kuona ni wapi waandishi walisema kweli na ni wapi walitia chumvi. Tena kuna sababu ya pili. Mimi mwenyewe niliwahi kuandika hadithi ya vita hivyo nikashindwa vibaya. Nilijaza kurasa arobaini za farasi, panga na bendera, na katika kurasa zote hizo hakuna mtu hata mmoja aliyeogopa, wala aliyesikia njaa, wala aliyempenda mwanawe. Rafiki yangu alizisoma, akanirudishia, akasema, "Farasi wako ni wazuri." Sikumwelewa siku ile.

Basi leo tuwaache farasi. Tuanze katika chumba.

Ni majira ya baridi, mwaka 1453 ukiisha na mwaka 1454 ukianza. Tuko katika ngome ya Windsor, karibu na mto Thames. Kwenye kiti ameketi Mfalme Henry wa Sita, mtu wa miaka 32. Hasemi. Hajui yuko wapi. Tangu mwezi wa Agosti akili yake imemtoka. Hulishwa na kuongozwa kama mtoto. Babu yake mzaa mama, mfalme wa Ufaransa, naye alipatwa na wazimu, lakini ule wa babu ulikuwa wa makelele, na huu wa mjukuu ni wa kimya.

Mlango unafunguliwa. Anaingia kabaila mkubwa, Buckingham, amebeba mtoto mchanga. Mtoto huyu alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1453, na baba yake bado hajui kwamba amezaliwa. Buckingham anamweka mtoto mbele ya Mfalme, anamwomba ambariki. Mfalme hajibu. Buckingham anangoja. Kisha anaingia Malkia Margaret mwenyewe, anamtwaa mtoto mikononi, anaomba ombi lile lile. Mfalme anamtazama mtoto mara moja tu, halafu anainamisha macho chini. Basi. Wakatoka wote bila jibu.

Habari hii sikuibuni. Iliandikwa katika barua ya Januari 1454, na barua hiyo ingalipo. Sasa nawaomba mfunge macho kidogo, mjiulize swali moja. Je, yule Malkia, alipokuwa akitoka katika chumba kile na mtoto wake, alikuwa na nini moyoni?

Hapo ndipo hadithi inapoanza.

Andikeni neno hili katika daftari zenu: TABIA. Na chini yake andikeni neno jingine: HAJA. Tabia ni jinsi mtu alivyo, na haja ni kitu anachokitaka hata akose usingizi. Mwandishi wa historia hutuambia nini kilitokea na mwaka gani. Mwandishi wa hadithi huanzia hapo hapo, lakini hutafuta haja iliyomsukuma mtu kutenda alivyotenda. Mtu akiwa na haja, na mwingine akisimama njiani, huhitaji kutafuta vita. Vita vitakuja vyenyewe.

Tumtazame Margaret. Alizaliwa Ufaransa mwaka 1430. Alikuja Uingereza mwaka 1445, msichana wa miaka 15, aolewe na mfalme wa watu waliokuwa wakipigana na watu wake. Kwa miaka minane hakuzaa, na wote mnajua jinsi watu wanavyomsema mke asiyezaa, awe katika jumba la kifalme au katika nyumba ya makuti. Kisha akazaa mwana. Na katika mwaka ule ule mume wake akawa kama gogo. Mtoto ambaye baba yake hakumbariki mbele za watu ni mtoto ambaye maadui wanaweza kumsingizia, na kweli walimsingizia. Walinong'ona kwamba si mwana wa Mfalme.

Mwezi ule wa Januari Malkia aliomba apewe yeye utawala wa nchi mpaka mumewe apone. Wakubwa wa nchi hawakukubali. Mwezi wa Machi walimpa kazi hiyo Richard wa York, wakamwita Mlinzi wa Ufalme.

Na huyu Richard wa York ni nani? Angalieni sana hapa, maana mwandishi mvivu hufanya mtu mmoja awe malaika na mwingine awe shetani. York hakuwa shetani. Alikuwa kabaila mwenye mashamba mengi kuliko wengine wote. Aliitumikia serikali katika Ufaransa, na serikali ikawa na deni kubwa kwake, haimlipi. Mpinzani wake, Somerset, ndiye aliyekuwa mkuu wa majeshi wakati Waingereza walipoipoteza Normandy mwaka 1450, lakini Somerset huyo huyo ndiye aliyependwa na Mfalme. Mwajua uchungu wa mtu aliyefanya kazi akanyimwa mshahara, huku aliyeharibu kazi anapewa cheo? Basi anzeni hapo. Mtamwelewa York kabla hajagusa upanga.

Sasa nieleze mambo ya ukoo, nami nitayapita upesi, maana yamewachosha wasomaji wengi. Mfalme Edward wa Tatu, aliyekufa mwaka 1377, alikuwa na wana watano waliofikia utu uzima. Mtoto wa yule mkubwa alitawala, lakini akanyang'anywa taji mwaka 1399 na binamu yake. Huyo binamu ndiye mfalme wa kwanza wa nyumba ya Lancaster, nao walitoka kwa mwana wa tatu. Watu wa York, kwa upande wa baba, walitoka kwa mwana wa nne. Lakini kwa upande wa mama walitoka kwa mwana wa pili. Basi swali likawa hili: je, haki ya kutawala inaweza kupita kwa mwanamke? Kama inapita, York ametangulia. Kama haipiti, Lancaster ametangulia. Hapakuwa na hakimu aliyeweza kuamua neno hilo na watu wote wakaridhika. Zaidi ya hayo hayahitajiki katika hadithi yenu. Msomaji akijua kwamba hawa ni ndugu wa ukoo mmoja, na kwamba kila mmoja anaamini ana haki, yatosha.

Kuna taabu nyingine ndogo, ambayo nadhani lugha yetu inaweza kuitatua kuliko Kiingereza. Ni taabu ya majina. Waingereza wale walipenda majina machache: Henry, Edward, Richard, Margaret, Elizabeth. Msomaji akikutana na akina Edward watatu katika ukurasa mmoja hukitupa kitabu. Lakini sisi twamwita mama kwa jina la mwanawe. Margaret ni Mama Edward. Na mke wa York, Bibi Cecily, mwanawe mkubwa naye aliitwa Edward. Basi tunao Mama Edward wawili, na kila mmoja ana Edward wake wa kumkalisha katika kiti kimoja. Nilipoona hivyo, kwa mara ya kwanza niliziona zile kurasa zangu arobaini zilikosa nini.

Haya, tujaribu pamoja. Nitawasomea namna mbili za kuandika habari ile ya Windsor. Hii ni ya kwanza:

"Malkia alimpeleka mtoto kwa Mfalme. Mfalme alikuwa mgonjwa hakujibu. Malkia alihuzunika sana. Baadaye vita vilianza."

Hakuna kosa la herufi humo. Lakini neno "alihuzunika sana" ni kama kibandiko kwenye chupa ya dawa. Chatuambia kuna nini ndani, wala hatuonji. Sasa sikilizeni ya pili:

"Malkia alimpokea mtoto kutoka mikononi mwa Buckingham. Nguo ilikuwa imelegea miguuni pa mtoto, akaikaza. Akapiga magoti mbele ya kiti. 'Bwana wangu, mbariki mwanao.' Mfalme alitazama sakafu. Nyuma yake mtu alikohoa, na Malkia akajua, bila kugeuka, kwamba habari hii itafika London kabla yake. Akamwinua mtoto juu zaidi. Mfalme akamtazama. Malkia akasahau kuvuta pumzi. Kisha macho yale yakashuka tena sakafuni, naye akainuka, akapangusa vumbi la magotini, akaondoka bila haraka, kama mtu aliyepewa alichokijia."

Humu hakuna neno "huzuni" wala "aibu" wala "ujasiri". Lakini mmeviona vyote vitatu, sivyo? Tumemwonyesha Malkia kwa matendo ya mikono na miguu yake. Mwanamke anayeondoka bila haraka baada ya pigo kama hilo ni mwanamke ambaye kesho ataleta jeshi.

Na sasa swali la yule mzee. Nimepata wapi ile nguo iliyolegea? Nimeibuni. Yule mtu aliyekohoa je? Nimembuni pia. Hata kupiga magoti na maneno yale ya Malkia nimeyatia mimi. Lakini Buckingham sikumbuni, wala ombi la baraka, wala macho yaliyoinuka mara moja yakashuka. Hiyo ndiyo kanuni ninayoifuata: palipo na ushahidi, naushika, palipo kimya, najaza kwa vitu vidogo ambavyo vingeweza kuwapo, wala haviwezi kumharibia mtu jina lake.

Jambo hili la jina la mtu si dogo, nami nataka tukae hapa kidogo.

Mnamjua William Shakespeare, yule mtunzi wa michezo ya kuigiza ambaye Mwalimu Nyerere alifasiri michezo yake miwili kwa Kiswahili. Shakespeare alitunga michezo kadha juu ya ugomvi huu wa Lancaster na York, zaidi ya miaka mia baada ya mambo kutokea. Ni fundi, hakuna ubishi. Lakini fundi huyu alibadili mambo apendavyo. Richard wa York aliuawa karibu na mji wa Wakefield tarehe 30 Desemba 1460, na mwanawe Edmund akauawa siku hiyo hiyo. Edmund alikuwa kijana wa miaka 17, mwenye umri wa kupigana. Shakespeare akamfanya mtoto mdogo mwenye mwalimu wake, ili tulie zaidi. Malkia Margaret hakuwapo Wakefield, alikuwa Scotland. Shakespeare akamleta, akampa kazi ya kumdhihaki York kabla ya kumwua. Kweli ni kwamba kichwa cha York kilitundikwa juu ya lango la mji wa York, kimevikwa taji la karatasi. Mimi naona taji lile la karatasi lilitosha.

Lakini aliyeonewa zaidi ni Richard wa Tatu, mwana mdogo wa yule York. Alitawala kutoka 1483 hadi 1485. Aliwafungia wana wawili wa kaka yake katika Mnara wa London, mmoja wa miaka 12 na mwingine wa miaka 9, akatwaa taji la yule mkubwa, na watoto hao hawakuonekana tena. Hilo ni shtaka zito na mtu hawezi kulifuta kwa urahisi. Lakini Shakespeare hakutosheka. Alimpa kibiongo mgongoni na mkono uliokauka, kana kwamba uovu lazima uonekane mwilini. Kwa miaka mia nne watu waliamini hivyo.

Kisha, mwaka 2012, wachimbaji wa mambo ya kale walichimba chini ya uwanja wa kuegeshea magari katika mji wa Leicester, wakapata mifupa yake. Uti wa mgongo ulikuwa umepinda upande, ndiyo, bega moja likapanda kidogo juu ya jingine. Lakini kibiongo hakuna. Mikono yote miwili ilikuwa mizima. Alikuwa na umri wa miaka 32, na fuvu lake lilikuwa na majeraha mengi, maana alikufa akipigana katika Bosworth, tarehe 22 Agosti 1485. Alizikwa upya katika kanisa kuu la Leicester mwaka 2015.

Nawaambia habari hii kwa sababu baadhi yenu mnaishi na mguu uliopinda au mkono usiofanya kazi. Mnajua nini watu husema. Basi mtakapotunga hadithi, tafadhali msimpe mtu mbaya kiwete chake ili tumtambue. Mpeni haja mbaya, au hofu kubwa. Richard aliwaona ndugu zake wakifa mmoja mmoja. Kaka yake mmoja, George, aliuawa mwaka 1478 kwa amri ya kaka yake mwingine. Mtu aliyekulia katika nyumba kama hiyo anajifunza nini juu ya kuamini ndugu? Swali hilo lina hadithi ndani yake kuliko kibiongo.

Sasa, kazi ya kutafuta ushahidi. Twaujuaje moyo wa watu hawa? Kwa barua zao. Tena barua nzuri kuliko zote si za wafalme. Ni za jamaa moja ya mkoa wa Norfolk, akina Paston, watu wenye mashamba yao, si makabaila. Karibu barua na hati elfu moja za jamaa hiyo zimesalia. Na aliyeandika barua nyingi zaidi miongoni mwa wanawake wao ni Margaret Paston. Huyu ni Margaret mwingine, niwieni radhi.

Mwaka 1448 bwana mmoja mwenye nguvu alikuwa ametwaa mali yao ya Gresham kwa mabavu. Mume wake alikuwa mbali, London, akifuata mambo ya sheria. Margaret akamwandikia kwamba maadui wameitia nyumba makomeo na matundu ya kupigia mishale, basi yeye amletee pinde za mtambo na mashoka ya vita. Na katika barua hiyo hiyo akamwomba amletee ratili moja ya lozi na ratili moja ya sukari, na kitambaa cha kuwashonea watoto nguo.

Isomeni tena habari hiyo mkipata nafasi. Silaha na sukari katika karatasi moja! Hakuna mtunzi ambaye angethubutu kubuni kitu kama hicho. Mimi katika kurasa zangu arobaini niliandika juu ya silaha tu. Kumbe vita vinapopita nyumbani kwa mtu, watoto bado wanataka nguo, na mpishi bado anataka lozi.

Lakini kuna jambo jingine juu ya Margaret Paston, nalo ndilo lililonifanya nilete somo hili kwenu na si kwa darasa jingine. Barua zake zimeandikwa kwa hati za watu wengi mbalimbali. Wataalamu wanaamini kwamba hakuandika kwa mkono wake. Alisema, mtu mwingine akaandika. Kila siri kati yake na mume wake, kila hofu, kila ombi la fedha, ilibidi ipite kwanza kwenye sikio la karani. Wako kati yenu ambao mpaka juzi mlikuwa mkimpa mtoto wa jirani senti aandike barua kwa mume aliye mjini. Mnajua maneno gani mtu huyaacha, kwa sababu karani anasikia. Mwanamke wa karne ile akiingia katika hadithi zenu, ninyi mtajua jambo moja ambalo profesa wake huenda halijui.

Haya, maji ya kunywa kidogo, kisha tuendelee.

Mambo ya chakula na vyombo. Hapa wengi huanguka. Msimpe Malkia Margaret kikombe cha chai. Chai ilifika Uingereza karne ya kumi na saba. Viazi mviringo na mahindi hapana, vilikuwa bado ng'ambo ya bahari, Amerika, na hakuna mtu wa Ulaya aliyevijua. Tumbaku kadhalika. Wape mkate, nyama, samaki siku za kufunga, pombe ya shayiri, na mvinyo kwa wenye mali. Mezani walitumia kisu, kijiko na vidole. Ndiyo, vidole, kama sisi.

Wala mhusika wako asiseme, "Tuko katika Vita vya Mawaridi." Watu wa siku zile hawakuviita hivyo. Waridi jeupe lilikuwa mojawapo ya alama za York, lakini waridi jekundu lilitangazwa hasa na Henry wa Saba aliyeshinda mwishoni, na jina hilo la vita lilienea baada ya mtunzi Walter Scott kulitumia katika karne ya kumi na tisa. Mtu aliye ndani ya mvua haijui mvua hiyo itaitwaje na wajukuu.

Neno hilo nalitilia mkazo. Wewe mwandishi unajua mwisho. Wao hawakuujua. Mwezi wa Oktoba 1460, York aliingia katika jumba la Westminster mbele ya wakubwa wa nchi, akakiendea kiti cha enzi kilichokuwa kitupu, akaweka mkono wake juu yake. Alingoja wampigie makelele ya furaha. Hayakuja. Kimya. Kisha Askofu Mkuu wa Canterbury akamwuliza kama angependa kwenda kumwona Mfalme. Fikirini mkono ule juu ya kiti. Autoe? Auache? Akiutoa upesi ataonekana mwoga. Akiuacha ataonekana mwizi. Mwandishi anaweza kukaa katika dakika ile moja kwa kurasa mbili, na msomaji asichoke. Baada ya majadiliano walipatana hivi: Henry ataendelea kuwa mfalme maisha yake, na akifa, taji litakwenda kwa York na wanawe. Yaani Henry alikubali kumnyang'anya mwanawe urithi. Yule mtoto wa Windsor. Alikuwa na miaka saba sasa.

Na mama yake? Ninyi mnajibu wenyewe.

Haikupita miezi mitatu York akauawa. Haikupita miezi mitatu mingine, tarehe 29 Machi 1461, Jumapili ya Matawi, majeshi yakakutana Towton katika theluji, na Edward mwana wa York akashinda. Mwaka 1996 mafundi wa ujenzi walifukua kaburi la pamoja mahali hapo, lenye mifupa ya watu zaidi ya thelathini waliopigwa vichwani, wengi wao mara nyingi. Kuhusu vita vyenyewe nitasema neno moja tu: ukiandika Towton, usipande juu ya kilima kutazama majeshi. Shuka chini, simama na mpiga upinde mmoja, theluji ikimpiga usoni hata haoni mshale wake umeangukia wapi. Theluji kweli iliwapiga watu wa Lancaster usoni siku ile, na mishale yao ikawa haifiki.

Yule mtoto wa Windsor aliuawa Tewkesbury mwaka 1471, ana miaka 17, umri ule ule wa Edmund wa York. Baba yake alikufa katika Mnara wa London siku kumi na saba baadaye. Margaret alikaa kifungoni, akarudishwa Ufaransa, akafa huko mwaka 1482.

Kama mmeona Margaret ana mengi mno, nawapa mwingine kwa kazi ya nyumbani. Ni yule Mama Edward wa pili, Bibi Cecily. Alizaliwa mwaka 1415, akafa mwaka 1495. Kati ya wanawe wanne waliofikia ujana, mmoja aliuawa pamoja na baba yake, mmoja aliuawa kwa amri ya ndugu yake, mmoja alikufa kwa ugonjwa akiwa mfalme, na wa mwisho, Richard, aliuawa Bosworth. Mwaka 1486 mjukuu wake Elizabeth aliolewa na Henry wa Saba, yaani na mtu ambaye jeshi lake lilimwua huyo mwanawe. Cecily alikuwa hai. Aliishi miaka tisa baada ya harusi hiyo.

Kazi yenyewe ni hii. Andika mistari kumi na miwili, isizidi. Mjumbe amefika nyumbani kwa Cecily kumwambia kwamba mjukuu wake anaolewa na Henry. Usitumie neno "huzuni" wala neno "furaha". Mwonyeshe anafanya nini kwa mikono yake wakati mjumbe anasema. Mpe kitu kimoja cha kushika. Kichague wewe, lakini kiwe kitu kilichokuwapo Uingereza wakati ule. Na mjumbe naye awe mtu: labda viatu vyake vimelowa, labda ana njaa, labda anaogopa kutoa habari.

Wale ambao bado mnaandika polepole, andikeni mistari minne. Wale ambao bado mnasema na mtoto anaandika, fanyeni hivyo hivyo, lakini mstari wa mwisho uandike kwa mkono wako mwenyewe, hata kama herufi zitapanda mlima.

Juma lijalo, siku kama ya leo na saa kama hii, nitasoma baadhi ya kazi mtakazowapa walimu wenu. Mzee aliyeniuliza lile swali, natumaini unasikiliza. Yako nitaisoma kwanza. Kwaherini.